WEMA HAUZI: kisa cha khanga, pikseli na siku 27

Shangazi yangu ana sanduku la khanga ambalo halifunguliwi bila sababu. Safari hii sababu ilikuwa ukungu. Alitoa khanga moja aliyoinunua Biashara Street, Mombasa, miaka mingi iliyopita, akakuta madoa ya kijivu kwenye pindo, akanipigia simu saa hiyo hiyo. Hazijaharibika zote, akasema, zipigwe picha, moja baada ya moja, na picha ziwe kubwa kiasi cha kusomeka jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, na hata ile alama ndogo ya muuzaji, "Mali ya Abdulla", pembeni.

Kazi nikampa mpwa wangu, anayesomea kompyuta na alikuwa nyumbani likizo. Hiki ni kisa cha programu aliyoiandika, jinsi ilivyokuwa ikihitaji karibu mwezi mzima kwa khanga moja, na jinsi ilivyoshuka mpaka sekunde chache. Njiani ilituletea khanga yenye jina lisilokuwepo duniani.

Khanga haienei kwenye picha moja

Khanga ya kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110. Kamera yetu inatoa picha ya pikseli (nukta za rangi zinazounda picha) 4,000 kwa 3,000. Ukiipiga khanga nzima kwa mpigo mmoja unapata pikseli 27 kwa kila sentimita, na hapo maandishi madogo hayasomeki. Tukaamua kuipiga vipande tisa, safu tatu za picha tatu tatu, ili tufike pikseli 67 hivi kwa sentimita, kisha programu iziunganishe ziwe picha moja. Fundi seremala wa mtaani alitutengenezea ubao unaoteleza kwenye reli mbili za mbao. Khanga inabanwa kwenye ubao, kamera imefungwa juu haisogei, na ubao ndio unaosukumwa.

Picha zinalaliana kama mabati ya paa. Kila picha inaingia juu ya jirani yake wa kando kwa pikseli 1,000 hivi, na juu ya jirani wa chini kwa pikseli 830 hivi. Kwa kuwa ubao unakwenda kwenye reli, picha haizunguki wala haikui. Inasogea tu. Kwa hiyo kila mshono, yaani mahali picha mbili zinapoungana, una swali moja: picha ya pili isogezwe pikseli ngapi kulia na ngapi chini ili ikae juu ya ya kwanza barabara? Alama tulizochora kwenye reli zilitupa jibu la kukisia, kulia 3,000 na chini 0, lakini mkono wa binadamu ndio unaosukuma. Tukaruhusu programu itafute 200 kushoto na kulia kwa makisio hayo, na 60 juu na chini.

Mpwa wangu aliandika kile ambacho kila mtu huandika mara ya kwanza:

    for y in range(urefu):
        for x in range(upana):
            r1, g1, b1 = picha1.getpixel((x1 + x, y1 + y))
            r2, g2, b2 = picha2.getpixel((x2 + x, y2 + y))
            jumla += abs(r1 - r2) + abs(g1 - g2) + abs(b1 - b2)

Chukua kila pikseli ya sehemu inayolaliana, toa rangi za picha moja kwenye za nyingine, jumlisha tofauti. Fanya hivyo kwa kila nafasi inayowezekana. Nafasi yenye jumla ndogo kuliko zote ndiyo yenyewe. Wazo halina kasoro. Aliiwasha usiku, stima ikapotea alfajiri, laptopu ikazima.

"Shikamoo mjomba. Ilikuwa bado mshono wa kwanza."

"Marahaba. Ulipima nafasi moja inachukua muda gani?"

Hakuwa amepima. Tukapima pamoja: nafasi moja, sekunde 4. Sasa hesabu. Kushoto na kulia kuna nafasi 401, juu na chini 121, jumla 48,521. Zidisha kwa 4 unapata sekunde 194,084, yaani saa 54 kasoro dakika tano. Huo ni mshono mmoja. Picha tisa zina mishono 12, sita ya kusimama na sita ya kulala. Siku 27 kwa khanga moja, stima isipopotea.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kuuliza ni lugha gani iliyo na kasi kuliko Python, ile aliyoandikia programu. Mimi nilitaka kwanza kujua kama jibu lenyewe lingekuwa sahihi, kwa sababu kosa la haraka halina faida kwa mtu. Tukapunguza picha mara kumi na kuiacha programu imalize kazi. Kila mshono ulitoa jibu lile lile: ukingo wa mbali kabisa wa eneo la kutafutia, pale picha zinapolaliana kidogo kuliko kote. Bila shaka! Ukijumlisha tofauti, eneo dogo lina pikseli chache, na pikseli chache zina jumla ndogo. Programu ilikuwa imegundua kwamba njia bora ya kutogombana ni kutokutana. Tukagawanya jumla kwa idadi ya pikseli, tukapata wastani, na majibu yakaanza kuwa na akili.

Lupu ikaondoka, na 250 ikawa jirani wa 10

Kinachochelewesha lupu ile, yaani msimbo unaorudia amri zile zile kwa kila pikseli, si kutoa na kujumlisha. Ni kwamba kwa kila pikseli Python inaita kitendakazi mara mbili, inatengeneza vifurushi viwili vya namba tatu tatu, inavifungua, kisha ndiyo inafanya hesabu ambayo prosesa ingeimaliza kufumba na kufumbua. Ni sawa na kununua mchele dukani punje moja moja, kila punje na risiti yake.

NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, inakupa gunia. Picha nzima inakuwa jedwali moja la namba lililolala mfululizo kwenye kumbukumbu, na toa-jumlisha inafanyika kwa jedwali zima kwa amri moja, ndani ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine:

    alama = np.abs(kipande1 - kipande2).mean()

Nafasi moja ikashuka kutoka sekunde 4 hadi sekunde 0.04. Mshono mmoja, dakika 32. Mpwa wangu alifurahi, nami nikafurahi, mpaka tulipoitazama picha. Maandishi meusi yalikuwa yamepandishwa juu ya kitambaa cheupe, na programu inaapa kwamba hapo ndipo panapolingana zaidi.

Kosa hili nimeliona mara nyingi, na bado hunipata. Picha ikifunguliwa, kila namba ya rangi huhifadhiwa kwa baiti moja isiyo na alama ya kutoa, 0 hadi 255. Ukitoa 250 kwenye 10 unatarajia −240. Baiti hiyo haina pa kuweka −240, hivyo inazunguka kama mita ya kilomita ya matatu iliyofika mwisho wa namba zake, na inakupa 16. Nyeusi na nyeupe, rangi mbili zilizo mbali kuliko zote, zinaonekana zimepishana kwa 16 tu. `np.abs` haiwezi kusaidia, kwa kuwa ishara ya kutoa ilikwisha kupotea kabla haijafika kwake. Hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Dawa ni kubadili jedwali liwe la namba za biti 16 zenye ishara, mara moja, picha inapofunguliwa. Mpwa wangu kwanza aliweka badiliko hilo ndani ya lupu, akawa ananakili mamilioni ya namba upya kwa kila nafasi, na muda ukapanda tena. Na mtu anayetumia mraba wa tofauti badala ya tofauti yenyewe ajihadhari zaidi: 255 mara 255 ni 65,025, na biti 16 zenye ishara zinaishia 32,767. Ukijumlisha miraba ya pikseli milioni 3 unaweza kufika bilioni 195, ambayo haienei hata kwenye biti 32. Toleo la NumPy kabla ya 2.0 kwenye Windows lilikuwa likijumlisha kwa biti 32 pasipo kuambiwa, kwa hiyo msimbo ule ule unaweza kuwa mzima kwenye mashine yako na mbovu kwa jirani.

Nyekundu na kijani zilizokuwa kitu kimoja

Hatua iliyofuata ilionekana rahisi. Kwa nini kulinganisha rangi tatu? Geuza picha iwe ya kijivu, kazi ipungue kwa theluthi mbili. Kila maktaba ya picha ina amri ya hilo, na wengi hutumia uzito ule ule: 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani, 0.114 ya buluu.

Khanga tuliyokuwa tukiijaribia ina pindo la korosho nyekundu juu ya ardhi ya kijani. Tulipoigeuza kuwa ya kijivu, korosho zilitoweka. Nilichukua pikseli mbili nikahesabu kwa kalamu. Nyekundu ilikuwa 200, 30, 40: inatoa 59.8 na 17.61 na 4.56, jumla 81.97. Kijani ilikuwa 20, 120, 50: inatoa 5.98 na 70.44 na 5.7, jumla 82.12. Zote mbili zinakuwa 82. Mchora khanga alichagua rangi mbili zenye mng'ao mmoja, labda ndiyo maana pindo lile linacheza machoni, na hesabu ya kijivu ikalifuta lote.

Uzito ule umetokana na jicho la binadamu linavyouhisi mwanga. Sisi hatukuwa tunamtengenezea jicho picha, tulitaka tofauti tu. Tukaacha kijivu, tukawa tunachukua tabaka moja la rangi, lile ambalo namba zake zimetawanyika zaidi kwenye khanga husika. Kwa korosho zile lilikuwa tabaka la nyekundu, 200 dhidi ya 20. Kwa kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, tabaka la nyekundu linaziona nyekundu na nyeupe kama ndugu, kwa hiyo kijani ndilo linalofaa. Kuchagua kunafanywa na programu yenyewe kwa kupima mtawanyo, mstari mmoja tu. Nafasi moja ikawa sekunde 0.012, mshono mmoja dakika 10 kasoro kidogo.

Dakika 10 mara mishono 12 ni karibu saa mbili kwa khanga. Sanduku la shangazi si la khanga mbili.

Kuuliza maswali machache

Mpaka hapa tulikuwa tukiuliza maswali yale yale 48,521, tofauti ni kwamba tulikuwa tunauliza kwa ulimi mwepesi. Ungeandika kwa C, lugha yenye kasi kuliko Python, bado ungekuwa unauliza yote.

Kuna hila ya zamani. Mwaka 1972 Barnea na Silverman walichapisha wazo la kuacha katikati: unajumlisha tofauti pikseli kadhaa kwa wakati, na jumla ikishapita ile ya nafasi bora uliyonayo, unaitupa nafasi hiyo bila kumaliza. Kwa C ni hila nzuri mno, kwa sababu nafasi nyingi hujionyesha kuwa mbovu mapema. Kwa NumPy lazima ukate eneo vipande vya mistari, na kila ukikata unarudi dukani kwa risiti nyingine. Ilitusaidia, lakini si kwa kiasi cha kubadilisha maisha.

Njia nyingine ni ya Fourier, hesabu inayoigeuza picha kuwa mkusanyiko wa mawimbi. Tangu Cooley na Tukey walipotoa mbinu yao ya haraka mwaka 1965, mtu anaweza kulinganisha picha mbili kwa misogeo yote kwa pamoja, na mwaka 1975 Kuglin na Hines wakaonyesha jinsi ya kutumia awamu (mahali kila wimbi linapoanzia) peke yake ili mwanga ukibadilika matokeo yasiyumbe. Kwa picha mbili za 1,024 kwa 1,024, kulinganisha misogeo yote kwa mkono ni mizidisho trilioni 1.1, kwa Fourier kila badiliko ni kama milioni 21, na unahitaji matatu. Ukipata kilele kimoja kirefu kwenye matokeo, umepata msogeo wako. Tulijaribu, ikamaliza upesi kuliko tulivyotarajia, na ikatupa vilele sita vinavyokaribiana kwa urefu, vimepangana kama meno ya kitana. Kila jino lilikuwa korosho moja.

Vivyo hivyo kwa mbinu za alama bainifu kama SIFT, zinazotafuta sehemu za picha zisizofanana na nyingine na kuzioanisha, ambazo ndizo kila mtu atakayekushauri atazitaja kwanza. Zina kipimo cha busara: alama ikifanana karibu sawa na alama mbili tofauti za upande wa pili, inatupwa kwa kuwa haiaminiki. Kwenye picha ya mlima au mtaa hilo linakuokoa. Kwenye pindo, kila korosho ina pacha kumi, na karibu zote zinatupwa.

Tukachagua piramidi. Ni mbinu ya kizee lakini inaeleweka, na mpwa wangu aliweza kuiandika kwa jioni moja. Unapunguza kila picha kwa nusu mara nne, hadi moja ya kumi na sita. Hapo picha ya pikseli 4,000 imekuwa 250, msogeo wa 200 umekuwa 13, na nafasi za kujaribu ni 27 mara 9, yaani 243 badala ya 48,521. Ukipata iliyo bora unapanda ngazi moja, unazidisha jibu kwa mbili, unatafuta pikseli mbili tu kila upande, nafasi 25. Unapanda tena. Mpaka juu.

Hesabu yake inapendeza. Ngazi ya chini kabisa ni pikseli milioni 2.8. Zinazofuata ni milioni 1.2, kisha 4.7, kisha 18.75, na ya mwisho milioni 75. Jumla ni kama milioni 102, wakati njia ya kwanza ilikuwa inagusa bilioni 145.6. Pungufu kwa zaidi ya mara 1,400, kabla hujahesabu faida ya NumPy. Mshono mmoja chini ya nusu sekunde.

Kitu kimoja kinachoponza wengi: kupunguza picha si kuruka pikseli. Mpwa wangu alichukua kila pikseli ya kumi na sita na kuacha nyingine, kwa kuwa ni mstari mmoja na hakuna hesabu. Kwa ukubwa wetu nyuzi za pamba zenyewe zinaonekana, na ukiruka hivyo nyuzi zinageuka mawimbi mapana ambayo hayapo kwenye kitambaa, na kila picha ina mawimbi yake. Programu ikawa inalinganisha mawimbi. Ni lazima uchukue wastani wa kila kijumba cha pikseli, ndipo upunguze.

Nani kakwambia wema hauzi?

Tukaunganisha khanga ya kwanza nzima. Nilipekua mishono yote kwa kukuza picha. Korosho zilikaa juu ya korosho, mstari wa pindo ulinyooka, hakuna kivuli wala mkato. Nikamtumia shangazi kwenye simu nikiwa na fahari ya kutosha.

Akajibu kwa sauti, hapendi kuandika: "Ahsante mwanangu, imetoka nzuri. Lakini khanga yangu inasema WEMA HAUOZI. Hii yako inasema WEMA HAUZI. Nani kakwambia wema hauzi?"

Herufi O ilikuwa imemezwa na mshono, na mimi niliupekua mshono ule ule kwa macho yangu. Nilikuwa natazama mistari. Shangazi alikuwa anasoma.

Tukarudi kwenye namba za mshono ule. Msogeo wa kweli ulikuwa pikseli 3,032. Programu ilichagua 2,864. Tofauti yao ni 168, na korosho kwenye pindo lile hurudia kila pikseli 168, sentimita mbili na nusu, ambayo kwa bahati mbaya ni karibu nafasi ya herufi moja. Picha ya pili ilivutwa kushoto kwa korosho moja kamili, na herufi moja ikaliwa.

Lakini kwa nini ichague ya uongo wakati ya kweli ipo, na kwenye ya uongo herufi hazilingani? Jibu liko kwenye ngazi ya chini ya piramidi. Gawanya 2,864 kwa 16: ni 179 kamili. Gawanya 3,032 kwa 16: ni 189 na nusu. Pale chini programu inaweza kusogeza picha kwa pikseli nzima tu. Nafasi ya uongo iliangukia juu ya pikseli barabara, kila korosho ikakaa juu ya korosho. Nafasi ya kweli iliangukia katikati ya pikseli mbili, hivyo ukijaribu 189 au 190, kila ukingo wa kila korosho umepishana kwa nusu pikseli, na pindo limejaa kingo. Herufi nazo, zilizopunguzwa mara 16, zilikuwa madoa yanayofanana, tena hazifiki hata asilimia 4 ya eneo linalolaliana. Kwa hiyo uongo uliokaa sawasawa ulishinda ukweli uliokaa upande. Kutoka hapo programu ilipanda ngazi ikitafuta pikseli mbili mbili tu kando ya jibu lake, na haikuwa na njia ya kurudi.

Kasi ilitokana na kuamua mapema, na kuamua mapema ndiko kulikotuponza. Tungeweza kurudi kwenye ngazi ya moja ya nane na kuanzia hapo, lakini khanga nyingine ina pindo la kipimo kingine na ingetutega vile vile. Tulichofanya ni kuikataza programu kuamua pale chini. Inachukua nafasi tano bora zilizo mbalimbali, si tano zilizobanana mahali pamoja, na inazipandisha zote hadi ngazi ya moja ya nne. Pale herufi zinasomeka. Ndipo inachagua moja na kuendelea nayo. Gharama ilipanda kutoka pikseli milioni 102 hadi 126. Kwa saa ya ukutani hata huoni.

Kwenye ngazi ile wastani wa tofauti ulikuwa 6.1 kwa nafasi ya kweli na 7.4 kwa ya uongo. Ushindi, lakini mwembamba, na mimi siulalii ushindi kama huo. Wastani huzamisha sauti ya wachache: vijumba tisa vyenye herufi vinapiga kelele, vijumba mia mbili na sitini vya korosho vinasema kila kitu kiko sawa. Tukaongeza kipimo cha pili. Eneo linakatwa vijumba, kila kijumba na wastani wake, halafu tunatazama kile kibaya kuliko vyote. Kwa nafasi ya kweli kilikuwa 15. Kwa ya uongo, 70. Hapo hakuna ubishi.

Jina liko chini ya mji (sehemu ya katikati ya khanga) tu, juu ya pindo la chini, kwa hiyo safu mbili za juu hazina herufi za kutoa ushahidi. Kule tunategemea uwiano wa mzunguko: ukitoka picha ya kwanza kwenda kulia kisha chini, lazima ufike pale pale utakapofika ukienda chini kisha kulia. Mshono mmoja ukikosea kwa korosho moja, mzunguko wake haufungi, unabaki na 168 mkononi. Programu ikiona mzunguko umeachana kwa zaidi ya pikseli mbili, inarudi kwenye zile nafasi tano na kujaribu inayofuata.

Mishono 12 sasa inachukua kama sekunde 6. Kinachochelewesha ni kufungua picha tisa, na zaidi kuandika picha ya mwisho: pikseli 10,000 kwa 7,300, karibu megabaiti 220 kabla ya kubanwa. Kuibana kuwa PNG kunachukua muda mrefu kuliko kulinganisha kote, na mpwa wangu tayari ameanza kuniuliza kama hilo nalo linaweza kuharakishwa.

Wiki iliyopita tulikuwa kwa shangazi, sanduku limefunguliwa, ubao sakafuni. Tulikuwa tumeshapiga doti tatu, khanga zote mbili za kila doti, kwa vipande tisa tisa. Akatuangalia tukibandua khanga ya kwanza ya doti nyingine na kuanza kubana ya pili yake.

"Kwani hizo mbili mnatafuta tofauti gani?"

Mpwa wangu akanitazama. "Hakuna bibi. Ni doti moja."

"Sasa mbona mnapiga mbili?"

Tukazikunja za pili zote tukazirudisha sandukuni.